Usukani ulikuwa mu mikono ya Uledi

Bandugu, Stanley tunamujua wote: Bula Matari. Lakini kabla ya Congo alikuwa karani mu jeshi la maji la Marekani, kwenye meli Minnesota. Aliingia 1864, akatoroka 1865.

Kitabu chake cha 1878, Through the Dark Continent, kinamuvalisha sifa zote za mto. Mukisome polepole. Anayeshika usukani wa mashua Lady Alice ni Uledi, aliyetoka naye Unguja. Batu wakizama, Uledi njo anajitupa ndani ya maji. Stanley mwenyewe ameandika hivyo, na hapo kitabu ni kizuri kabisa. Ila utukufu anaubakiza kwake.

Shiye ba agronome tunajua: mavuno yakihesabiwa, jina la mwenye shamba haitoshe. Andika na jina la ule aliyelima.