Wachimbaji wa Rutongo

Kaskazini mwa Kigali, katika vilima vya Rutongo, wachimbaji huingia ardhini na taa kofiani, wakifuata mishipa ya mawe meupe yenye kasiteriti, madini yanayotoa bati. Mchimbaji makini hugonga mwamba wa juu na kuusikiliza kabla ya kuuamini: ukilia kama kitu chenye uwazi ndani, harudi chini yake.

Nje kuna maji na mikono. Mawe hupondwa, mchanga ukaoshwa tena na tena. Kasiteriti, nzito karibu mara saba kuliko maji, hutuama chini. Subira kubwa sana hiyo!

Rwanda haina reli, hivyo mzigo wa kwenda bandari ya Dar es Salaam hupanda malori. Bati ndilo linalolehemu vipuri ndani ya simu, na kila mwenye simu anadaiwa na wachimbaji.