Udongo wa Mirihi: Upungufu na Ziada katika Tafsiri

Kazi ya istilahi ni kumfikishia msomaji jambo kama lilivyo, bila kulipunguza wala kulizidisha. Habari za sayari ya Mirihi ni mtihani mgumu kwa mfasiri katika pande zote mbili.

Chombo cha Marekani kiitwacho Curiosity kilitua huko mwaka 2012. Mwaka 2013 kilitoboa mwamba uliotokana na tope la ziwa la kale, na takriban asilimia 20 ya mwamba huo ilikuwa madini ya jamii ya smektiti. Mfasiri akiandika tu kwamba "udongo umegunduliwa Mirihi", msomaji atauliza ajabu iko wapi. Ajabu ni kwamba madini hayo huhitaji maji ili yatokee.

Mkazi wa Buzuruga analo jambo hili mlangoni pake. Miamba ya graniti ya Mwanza ina feldispa, ambayo maji ya mvua huigeuza polepole kuwa madini mapya kama kaolini. Mchanga husalia mteremkoni, chembe laini huchukuliwa bondeni. Wasukuma huuita udongo wa kichanga luseni, na ule mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka kiangazi, wenye smektiti nyingi, huuita mbuga.

Hata hivyo, hatupendekezi mbuga liwe istilahi, maana katika Kiswahili sanifu limekwisha kuwa nyika na hifadhi ya wanyama. "Udongo wa mfinyanzi" nalo hutaja matumizi, nalo latosha kwa vyungu. Mwanasayansi anapokusudia madini, iandikwe "madini ya udongo wa mfinyanzi".

Kosa la pili ni kuzidisha. Kusema Mirihi "ilikaliwa" ni kudai kwamba walikuwako wakazi. Ushahidi hausemi hivyo. Unaonyesha kwamba palikuwa na maji yasiyo na asidi kali wala chumvi nyingi, ambamo viumbe vidogo mno wangeweza kuishi. Husemwa nyumba inayovuja haikaliki, ijapokuwa haijabomoka. Vivyo hivyo Mirihi yaweza kuwa "ilikalika" pasipo kukaliwa na yeyote. Mnyambuliko huo mmoja ndio unaotenga ushahidi na uvumi.

Tunawaomba walimu na wafasiri wayajaribu maneno haya kazini, kisha watuletee maoni yao.