Nane Mara Nne: Jaribio la Norway na Waendeshaji wa Wikendi

Chukua mtu wa kilo 76, mpe baiskeli ya mlimani ya kilo 14, mwelekeze kwenye kilima chenye mwinuko wa asilimia 10, kisha mwambie apande taratibu bila kujichosha. Hataweza. Gia nyepesi kabisa kwenye baiskeli nyingi za siku hizi ni meno 32 mbele na 51 nyuma, na kwa gurudumu la inchi 29 kila mzunguko wa pedali unamsogeza karibu mita moja na nusu tu. Akinyonga mizunguko 60 kwa dakika anakwenda kilomita tano na ushee kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu. Hata hivyo, kuupandisha mzigo huo wa kilo 90 juu ya udongo unaong'ang'ania tairi kunamdai wati 150 hivi. Akipunguza zaidi ya hapo usukani unaanza kucheza, na mguu unatua chini.

Sasa tuseme mtu huyo, ambaye si mshindani, ana uwezo wa kuhimili wati 200 kwa saa nzima. Robo tatu ya uwezo wake imekwisha kuliwa kabla hajaamua lolote.

Hapo ndipo penye kiini cha mjadala wa miaka mingi kati ya wanaofuata ratiba ya mazoezi na wanaotoka kujifurahisha. Anayejifurahisha mara nyingi hujituma sana, tena hurudi nyumbani akiwa hoi. Tatizo lake ni kwamba kasi ya kazi anapangiwa na njia. Kilima kinamkaza pale alipotaka kupumua, na mteremko unamlaza pale alipokuwa tayari kukaza. Mwaka 2004 Stapelfeldt na wenzake walichapisha vipimo vya wati kutoka kwenye mashindano ya baiskeli za mlimani: asilimia 39 ya muda miguu ilikuwa ikifanya kazi nyepesi au haifanyi kazi kabisa, na asilimia 22 ilikuwa juu ya kiwango cha juu ambacho waendeshaji hao hao walikifikia maabara. Katikati palibaki asilimia 39 nyingine, iliyogawanyika vipande vipande. Moyo lakini haukupumzika hivyo. Impellizzeri na wenzake walikuwa wameonyesha mwaka 2002 kwamba wastani wa mapigo katika mashindano ya aina hii ni karibu asilimia 90 ya kiwango cha juu. Ndiyo maana saa ya mkononi humsifia mwendeshaji kwa mazoezi makali ambayo miguu yake haikuyapata sawasawa.

Je, mtu wa kawaida akipangiwa kazi, anapata nini hasa? Jibu zuri zaidi limetoka Norway, kwa Stephen Seiler, Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Agder ambaye jina lake limeshikamana na hoja ya kufanya sehemu kubwa ya mazoezi kwa wepesi na sehemu ndogo kwa ukali. Utafiti wake na wenzake, uliochapishwa 2013, uliwachukua waendeshaji 35 wa kujifurahisha, 29 kati yao wanaume, na kuwagawa kwa bahati nasibu katika makundi manne kwa wiki saba. Kundi la kwanza liliendesha kwa wepesi tu, mara nne hadi sita kwa wiki. Matatu mengine yaliendesha kwa wepesi mara mbili au tatu, na mara mbili kwa wiki yalifanya vipindi vikali vinne: kundi moja dakika 4 kila kipindi, jingine dakika 8, jingine 16.

Uzuri wa jaribio uko kwenye maelekezo. Katika makundi hayo matatu hakuna aliyetajiwa wati wala mapigo ya kufuata. Waliambiwa wakaze kadiri wanavyoweza kuhimili hadi kipindi cha mwisho, basi. Urefu wa kipindi ndio uliopanga ukali, na jasho la siku likawa la aina moja kwa wote.

Wiki saba zilipokwisha, wastani wa ongezeko katika vipimo vitatu (matumizi ya juu ya oksijeni, wati katika kilele hicho, na wati pale laktati inapofika milimoli 4 kwa lita ya damu) ulikuwa asilimia 11.4 kwa kundi la dakika nane. La dakika 16 lilipata 5.6, la dakika 4 likapata 5.5, na walioendesha kwa wepesi tu wakapata 4.2.

Matokeo haya yanastahili kuangaliwa kwa makini, hasa kundi la dakika 16, kwa sababu ndilo linalofanana zaidi na Jumamosi ya kundi la waendeshaji lenye ushindani wa kimyakimya. Walifanya dakika 64 za kazi ngumu kwa asilimia 88 ya mapigo ya juu. Wale wa dakika nane walifanya nusu yake, dakika 32, kwa asilimia 90. Kwa mtu ambaye moyo wake unafika 190, tofauti hiyo ni mapigo manne, kiasi ambacho joto la siku au kikombe cha kahawa kinaweza kukificha. Ndani ya damu, hata hivyo, mambo yalikuwa tofauti kabisa: laktati ilikuwa 4.9 kwa kundi la dakika 16 na 9.6 kwa la dakika nane, karibu mara mbili. Kundi la dakika nne lilipanda hadi 13.2, lakini likaishia na dakika 16 tu za kazi. Inaonekana faida ilipatikana pale ukali ulipokuwa wa kutosha na muda ukatosha pia, na kuongeza kimoja kwa kukipunguza kingine hakukulipa.

Ukweli usemwe: makundi yalikuwa ya watu wanane au tisa, na wiki saba si msimu mzima. Na dakika nane si hirizi. Bent Rønnestad na wenzake, pia wa Norway, walichapisha 2015 jaribio la wiki kumi ambapo kundi moja la waendeshaji waliokwisha kujengeka lilikaza sekunde 30 na kulegeza 15, mara 13 mfululizo, kwa seti tatu. Jingine lilifanya vipindi vinne vya dakika tano. Matumizi ya juu ya oksijeni yalipanda asilimia 8.7 kwa wa sekunde na 2.6 kwa wa dakika. Kwa anayeendesha msituni mpango huu unavutia zaidi, maana unafanana na njia yenyewe, mkazo na ahueni, isipokuwa hapa ahueni inakatwa kabla mwili haujaizoea.

Kazi hizo zote mbili zinahitaji kilima kirefu kisicho na mizizi wala kona kali, au baiskeli iliyofungwa ndani ya nyumba. Njia ya msituni haifai. Kinyume chake, siku ya wepesi inataka barabara tambarare, kwa sababu, kama hesabu ya wati 150 inavyoonyesha, mlima haujui wepesi. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa, na si kwa uvivu: wanaona haya kwenda polepole. Aliyekwenda Iten, Kenya, akawakuta mabingwa wa mbio ndefu wakikimbia jioni kwa mwendo ambao mgeni anaweza kuufuata huku akipiga soga, haya hiyo humtoka upesi.

Ila kuna jambo ambalo ratiba haiwezi kulifundisha. Kupima breki kwenye changarawe, kuichagua njia ya tairi kati ya mawe, kuyaacha mabega yalegee mteremkoni wakati mikono inapigwa na mtikisiko: haya hupatikana kwa kuzurura tu, tena ikiwezekana pamoja na anayejua zaidi. Mtu akifuta matembezi yake yote msituni kwa ajili ya wati, atafika juu mapema na kupitwa na wenzake akishuka.

Na kwa anayeendesha mara moja kwa wiki, mjadala huu wote ni wa mapema. Waendeshaji wa Seiler walitoka mara nne au zaidi. Aongeze kwanza siku ya pili, kisha ya tatu, ndipo atafute saa ya kuhesabu dakika nane. Mkazi wa Nairobi naye asichukue namba za rafiki yake wa Mombasa, kwa sababu karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari hewa ni nyepesi na wati za kuhimili kwa muda mrefu hushuka.

Kipimo cha wati ni ghali, lakini kilima kilekile na saa vinatosha. Kwa mtu wetu, mwenye kilo 90 pamoja na baiskeli yake, kutoka wati 200 hadi 220 kwenye mwinuko wa asilimia 10 wenye urefu wa kilomita mbili kunamtoa kwenye dakika 17 na nusu hivi hadi dakika 16.