Vita, Unabii na Sarufi ya Lazima: Tahakiki ya Mahubiri ya Nyakati za Mwisho katika Mwambao wa Uvira

Utangulizi

Miongoni mwa tanzu za fasihi simulizi ya Kiswahili ambazo hazijahakikiwa vya kutosha ni mahubiri. Wahakiki wetu wameshughulikia sana ngano, methali, tenzi na majigambo. Mahubiri wamewaachia wanateolojia. Makala hii inakusudia kuyatazama kwa jicho la mhakiki mahubiri ya nyakati za mwisho, kama yanavyosikika Uvira na katika mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika. Hatukusudii kupima ukweli wa imani. Swali letu ni hili: je, utanzu huu unamfundisha msikilizaji kuvieleza vipi vita vilivyompata?

Muktadha

Kiswahili kilienea Uvira pamoja na biashara ya ziwa katika karne ya 19, hasa kutoka Ujiji. Wamisionari wa Kipentekoste kutoka Sweden na Norway walifika Kivu mwanzoni mwa miaka ya 1920, na makanisa yaliyotokana na kazi yao yakaenea katika bonde la Ruzizi na milimani. Hivyo muumini wa Uvira ana Kiswahili cha namna mbili. Sokoni na nyumbani hutumia lahaja ya mashariki ya Kongo, yenye ba- mahali pa wa-. Lakini habari za mwisho wa dunia huzipokea kwa Kiswahili cha Biblia, chenye dhiki, tauni, muhuri na baragumu.

Vita navyo havikuwa vya kusimuliwa tu. Mwaka 1964 Uvira ilitwaliwa na waasi wa upande wa Gaston Soumialot. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ya Lemera ilishambuliwa, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Kabla ya mwezi huo kwisha, mji wenyewe ulikuwa mikononi mwa waasi wa AFDL. Mwishoni mwa Desemba 1998 na mwanzoni mwa Januari 1999 mamia ya watu waliuawa Makobola, kusini mwa mji. Mnamo Aprili 2020 mafuriko yalibomoa nyumba nyingi mjini. Kisha Desemba 2025, siku chache tu baada ya mapatano ya amani kutiwa saini Washington, kundi la M23 liliingia Uvira. Mtu aliyepitia haya yote hahitaji kushawishiwa kwamba dunia inaelekea ukingoni.

Umbo na ubora wake

Umbo la mahubiri haya lajulikana. Mhubiri husoma aya, huorodhesha habari za karibuni, huzilinganisha na aya, kisha hutamka kwamba yametimia na kuwaita watu watubu. Uzuri wa umbo hili hauna budi kukiriwa. Mkimbizi aliyepoteza nyumba mara tatu hupewa masimulizi yenye mwanzo, kati na mwisho, na huambiwa kwamba mateso yake yana mahali katika kisa kikubwa zaidi.

Tena utanzu huu umebadili ramani. Mwandishi wa Marekani Hal Lindsey, aliyepata umaarufu mwaka 1970, aliufasiri unabii kwa kuiweka Israeli na Urusi ya Kisovieti katikati ya vita vya mwisho. Hata nzige wa Ufunuo aliwadhania kuwa helikopta. Katika mpango huo Afrika ilikuwa pembezoni. Mhubiri wa Uvira anayetaja Makobola na Lemera penye nafasi hiyo ameufanya mji wake kuwa mahali ambapo historia ya dunia inaamuliwa. Kwa maoni yetu, huo ni ubunifu, si kuiga.

Sarufi ya lazima

Hata hivyo, kasoro kubwa ya utanzu huu imo katika sarufi yake. Tutazame kitenzi chake kikuu, yametimia. Kiima chake ni maneno yaliyotabiriwa, si watu. Vitenzi vinavyokifuata huwa vya namna hiyo hiyo: vita vimetokea, miji imeanguka, damu imemwagika. Kauli ya kutendeka imetawala, na mtendaji ametoweka. Lakini miji haianguki kama embe lililoiva, huangushwa. Msikilizaji aliyezoea kusema mji umeanguka hana nafasi katika sentensi yake ya kumtaja aliyetoa amri, aliyeleta silaha au aliyevunja mapatano. Ikiwa unabii ulikwisha kusema kwamba watu watatangaza amani kisha maangamizi yaje ghafula, basi yaliyotukia Desemba 2025 yamekwisha kuelezwa, na swali la nani alivunja ahadi halina kazi.

Lazima hii haitokani na matini yenyewe. Katika Mathayo 24 habari za vita hufuatiwa mara moja na onyo kwamba mwisho bado, na dhiki hizo hufananishwa na mwanzo wa utungu wa uzazi. Huo ni mfano wa kuanza, si wa kukoma. Mhubiri anayeishia nusu ya kwanza ya aya amekata tashibiha katikati.

Wala hatari si unyonge peke yake. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, huko Gatumba, upande wa Burundi wa mpaka, zaidi ya wakimbizi 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge. Kundi la FNL lilikiri kuhusika, na walionusurika walieleza kwamba washambuliaji walikuja wakipiga ngoma na kuimba nyimbo za dini. Mahali pa mnyama wa Ufunuo panaweza kujazwa jina la jirani yeyote.

Mifano ya kinyume

Imani ya mwisho wa dunia hailazimu sarufi hii. Wafuasi wa Kitawala, jina lililotoholewa kutoka Watch Tower, waliungoja mwisho pia. Lakini mwaka 1944, huko Masisi na Lubutu, waliasi dhidi ya utawala wa Kibelgiji wakijua fika nani aliyekuwa akiwatumikisha.

Mfano wa karibu zaidi ni Denis Mukwege, mwana wa mchungaji wa Kipentekoste na daktari aliyekuwa akifanya kazi Lemera. Alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, hotuba yake ilianza na mauaji ya hospitali hiyo. Hakuishia kuyaita ishara: alidai waliotenda washtakiwe, na akaikumbusha dunia ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili nchini Kongo kati ya 1993 na 2003. Ripoti hiyo na mahubiri vyote ni orodha za maafa. Tofauti ni kwamba ripoti hutafuta kiima.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mahubiri ya nyakati za mwisho ni utanzu wenye nguvu, unaofariji na kuipa Uvira mahali pake, lakini sarufi yake huwaficha watendaji. Ufunuo hutokana na kufunua. Utanzu unaobeba jina hilo haustahili kuwa kifuniko cha makaburi ya Makobola. Tunawahimiza wanafunzi wa fasihi simulizi wayarekodi mahubiri haya na kuyachambua kitenzi kwa kitenzi, maana waliouawa wanadai kutajwa, na waliowaua vilevile.