Kung'oa Milango Hakukuwa Dawa

Ubishi juu ya toleo la Botswana la Top Gear, kipindi cha magari cha BBC, lile lililorushwa Novemba 2007 likiwaonyesha watangazaji watatu wakiivuka nchi hiyo kwa magari ya zamani, karibu kila mara huishia mtoni, pale Opel Kadett ya Richard Hammond ilipozama. Tunabishania mahali sipo. Kosa kubwa la safari ile lilifanyika kabla ya mto, ukingoni mwa jangwa la chumvi la Makgadikgadi, kwenye nchi kavu, hakuna aliyekuwa hatarini na muda wa kufikiri ulikuwepo. Jeremy Clarkson na James May waliamua kuyavua magari yao, milango na vioo vikawekwa chini, ili yawe mepesi na yasizame kwenye chumvi. Hammond akakataa kuigusa Kadett yake, aliyoipa jina la Oliver. Wenzake walimwona mtu aliyezidiwa na mapenzi ya gari, na watazamaji wengi waliwafuata. Mimi nasema Hammond alifanya uamuzi pekee wa kifundi katika asubuhi ile, hata kama sababu aliyoitoa ilikuwa ya moyoni.

Tuanze na ardhi yenyewe. Makgadikgadi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka. Juu kuna tabaka gumu la chumvi na udongo, chini yake kuna tope. Tabaka hilo linabeba mzigo mpaka kiwango fulani, likishapasuka tairi linaanza kuchimba na safari imesimama. Ardhi ya namna hiyo haiulizi gari lina kilo ngapi kwa jumla, inauliza kila sentimita ya mraba inabebeshwa kiasi gani. Kwa hiyo dereva ana njia mbili: apunguze uzito, au aupanue unyayo wa tairi ili uzito uleule usambae. Njia ya kwanza inaonekana kwenye kamera, ina kelele za spana na nyundo. Njia ya pili ni mtu kuchuchumaa kando ya gurudumu na kubonyeza valvu. Ndiyo maana njia ile ya kwanza ilipewa muda wote wa kipindi, na watazamaji wakatoka na somo lisilo sahihi.

Chukua Mercedes 230E ya May, gari la takriban kilo 1,350. Uhesabie kila mlango kilo 30, minne inakuwa kilo 120, yaani kama asilimia 9 ya gari zima. Hiyo ndiyo faida yote iliyopatikana kwa kazi ile. Sasa mwache May na milango yake, umpe kipima upepo cha bei rahisi. Akitoa upepo kutoka psi 30 hadi 18, shinikizo ndani ya tairi limepungua kwa asilimia 40, na unyayo unarefuka kufuata. Najua ukuta wa tairi una ugumu wake na unakula sehemu ya faida hiyo. Basi tuwe wagumu wa kutoa, tuseme shinikizo juu ya ardhi limepungua kwa robo tu. Robo bado ni karibu mara tatu ya kile kilicholetwa na milango. Ili uipate asilimia 40 kwa kupunguza uzito peke yake, ungelazimika kuondoa kilo 540 kwenye ile Mercedes: ungemaliza milango, viti, boneti na buti, halafu ungeanza kuitazama injini kwa jicho baya.

Huenda upepo ulipunguzwa pia, nje ya kamera. Kama ni hivyo, hoja yangu inapata nguvu zaidi, kwa sababu milango inabaki kuwa nyongeza ndogo iliyolipiwa bei kubwa. Na hata uzito wenyewe ulikuwa na njia nyepesi za kuupunguza. Mizigo inaweza kuhamishiwa gari jingine. Petroli ya ziada inaweza kubebwa kando. Anayetaka kuvuka kipande kibaya huanza kwa kuteremsha kila kinachoweza kurudi garini kwa miguu au kwa mikono, na hagusi bawaba ya mlango mpaka hayo yote yameisha.

Hapo ndipo lilipo jambo ninalolishikilia kuliko hesabu. Gari likikusumbua katikati ya safari ndefu, tiba ya kwanza lazima iwe ile unayoweza kuirudisha nyuma. Upepo uliotolewa unarudishwa kwa pampu ya mguu baada ya kuvuka, jasho kidogo na yameisha. Mlango ulioachwa jangwani haurudi. Safari haikuishia kwenye chumvi. Ramani ilikuwa wazi kwamba mbele kulikuwa na Okavango, nchi ya simba. Tuliona wenyewe matokeo. Kwanza vumbi: magari mawili yasiyo na milango yalikunywa vumbi la Makgadikgadi kilomita baada ya kilomita, likaingia machoni, mapafuni, na kila pembe ya dashibodi yenye swichi na viungo vya waya. Lancia Beta ya Clarkson tayari ilikuwa inasumbua tangu siku za mwanzo, na gari la namna hiyo ndilo la mwisho kabisa kuhitaji vumbi ndani. Halafu, walipofika nchi ya wanyama, watu waliokuwa na milango mizima ya kiwandani wakaanza kuunda milango ya kubahatisha. Uzito walioukimbia wakaurudisha, safari hii bila kitasa cha kuaminika. Na chumvi je? Ilipasuka vilevile. Walinasa, wakachimba, wakanasa tena. Tiba iliyoumiza mgonjwa ilishindwa hata kuuondoa ugonjwa.

Ugonjwa huu hatujauona Botswana tu. Kwenye gereji zetu una jina linalojulikana: themostati. Gari linachemsha, fundi anafungua, anaing'oa themostati, anaitupa, anafunga, na mwenye gari anashukuru kwa sababu sindano ya joto imeshuka. Hakuna aliyepima kama radieta imeziba, kama feni inazunguka inavyopaswa, kama mfuniko wa radieta unashika shinikizo, kama pampu ya maji bado inasukuma. Kuanzia siku hiyo injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta zaidi, inachakaa upesi, na tatizo lililoleta joto bado limekaa palepale likisubiri mlima mrefu. Kuna ndugu yake, waya unaofungwa mahali pa fyuzi. Fyuzi iliungua kwa sababu kuna hitilafu. Ukiweka waya umenyamazisha mlinzi, na siku ya pili kinachoungua ni gari. Nimeyasema haya mara nyingi na nitaendelea kuyasema, maana ni kosa lilelile la Makgadikgadi: kutoa kitu kilichowekwa kwa sababu, ili dalili ya leo ipotee.

Wapo watakaosema Hammond hapaswi kusifiwa, kwa kuwa Kadett yake ya 1963 ina kilo chini ya 700, karibu nusu ya Mercedes, na ingevuka hata kama angeijaza mawe. Hoja hii ina uzito na naikubali nusu. Kuvuka kwa Oliver peke yake hakuthibitishi kwamba milango haina madhara. Lakini hoja hiyohiyo inamgeukia anayeitoa. Kama tofauti kati ya kuvuka na kunasa ni mamia ya kilo, basi kilo 120 za milango zisingeweza kamwe kuifanya Mercedes iwe Kadett. May angepaswa kulijua hilo kabla ya kushika spana, kwa sababu yeye kati ya wale watatu ndiye mwenye subira ya kuelewa mashine. Kwa Clarkson sikutarajia, kwa May nilitarajia, na ndiyo maana uamuzi wake unaniudhi zaidi.

Wengine watasema magari ya mashindano nayo huvuliwa kila kisichohitajika. Huvuliwa kweli, kwa mashindano ya barabara laini yenye gereji karibu. Tazama yalivyoandaliwa magari ya Safari Rally ya zamani, mashindano yaliyoanza 1953 na kutufundisha sote maana ya umbali. Magari yale yaliongezewa uzito: mabomba ya kujikinga na wanyama mbele, taa za ziada, matairi ya akiba zaidi ya moja, springi na shokapu nzito, baadaye hata bomba la kunyonya hewa lililopandishwa juu ya paa. Timu zilizokuja na magari mepesi ya kukimbia Ulaya zilipata somo chungu. Lancia ilileta Stratos, gari lililotisha dunia nzima, na bora lililopatikana kwa Sandro Munari mwaka 1975 ni nafasi ya pili nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson, gari ambalo wengi wetu tulilijua kama la abiria. Lancia ilisubiri mpaka 1988 ndipo Miki Biasion akaipa ushindi. Kwa hiyo Clarkson alipochagua Lancia kwa ajili ya Botswana, historia ilikuwa imeshamwonya.

Joginder Singh, dereva wa Safari hiyohiyo, hangeng'oa milango. Alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva, na mtu aliyefungua injini kwa mikono yake huliheshimu gari kwa namna nyingine. Alishinda Safari mwaka 1965 kwa Volvo PV544 akiwa na ndugu yake Jaswant, akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na katika Safari 22 alizoanza alimaliza 19. Namba hiyo ya mwisho ndiyo inayonigusa kuliko vikombe. Kumaliza 19 kwenye matope na vumbi lile kunatokana na kulisikiliza gari mapema, kupunguza mwendo kabla halijavunjika, na kutengeneza kwa namna inayoacha nafasi ya kutengeneza tena kesho.

Na hapa siwezi kuipita ile Volkswagen Beetle iliyofuata nyuma kama adhabu ya atakayeshindwa. Kuifanya Beetle kuwa adhabu ni kutoijua Afrika. Gari hilo lilishinda Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Halina radieta ya kutoboka wala bomba la maji la kupasuka, kwa kuwa injini inapozwa kwa hewa. Injini imekaa nyuma, juu ya magurudumu yanayosukuma, kwa hiyo linapata mshiko pale magari ya injini ya mbele yanapozungusha matairi bure. Tumbo lake ni bamba, linateleza juu ya mchanga badala ya kukwama kwa vyuma vinavyoning'inia. Nalo Botswana lilifika mwisho likiwa na milango yake yote.

Kuhusu mto, nitasema kwa kifupi. Hammond alikosea kuingiza gari dogo kwenye kina kisichopimwa, na kazi ya usiku ule ya kulikausha na kulirudisha barabarani ilikuwa safi. Hilo halifuti usahihi wa uamuzi wake kwenye chumvi. Mtu anaweza kupatia jambo moja na kukosea jingine baadaye.

Pingamizi la mwisho ni kwamba kile kilikuwa kipindi cha kuburudisha, na wote watatu walifika mpaka wa Namibia. Walifika, lakini walikuwa na magari ya wapiga picha nyuma yao na watu wa kuwasaidia. Familia iliyopakia gari la kulala na kuondoka kwa wiki kadhaa haina msafara huo, ingawa imejifunza safari ndefu kwa kutazama vipindi kama hivyo. Gari la kulala ndilo linalohitaji nidhamu hii kuliko gari lolote, kwa sababu ni zito na limebeba nyumba. Tangi la maji la lita 100 likijaa ni kilo 100, karibu sawa na ile milango minne, na maji hayo yanaweza kuhamishiwa kwenye madumu, yakavushwa kwa mikono na kurudishwa tangini. Watu wazima wawili wakishuka na kutembea wamepunguza kilo 140 au zaidi. Utaratibu ni huu: gari likianza kulemewa, abiria washuke, mzigo ushuke, upepo upungue, mwendo uwe wa taratibu na kona zisikatwe ghafla ili tairi lisichomoke kwenye rimu. Ukishavuka, jaza upepo kabla ya kushika lami, maana tairi laini kwenye mwendo mkubwa hupata joto na kupasuka. Likichemsha, simama, subiri lipoe, tafuta kilichoziba. Fyuzi ikiungua mara mbili, fuata waya mpaka uone ulipochubuka. Na kila mara unaposhika spana ili kuondoa kitu, uliza kama kesho, mahali pengine na kwenye hali nyingine, utakihitaji. Jibu likiwa ndiyo, weka spana chini, bado kuna njia hujaijaribu.