Mkono wa Mwalimu na Mikono ya Wanafunzi

Rembrandt van Rijn alitia sahihi katika michoro yake michache sana. Iliyo mingi aliihifadhi nyumbani katika majalada, kama ionyeshavyo orodha ya mali yake iliyoandikwa mwaka 1656 alipofilisika. Na wanafunzi wake walijifunza kwa kuinakili na kuuiga mkono wake. Basi si ajabu kwamba karatasi zilipotawanyika, jina la mwalimu lilifuatana na nyingi zisizo zake.

Otto Benesch, katika juzuu sita zilizotoka kati ya 1954 na 1957, alimhesabia Rembrandt michoro ipatayo 1,400. Waliomfuata, na hasa Peter Schatborn, wameipunguza sana. Wao huanza na michoro yenye sahihi, au iliyoandaliwa kwa ajili ya picha zijulikanazo kuwa zake, kisha huipima mingine kwa hiyo. Njia hii ni njema, ila ina mtego: kila mstari hodari hupewa mwalimu, na kila mstari mlegevu hutupiwa Ferdinand Bol au Govert Flinck, kana kwamba fundi hakosi kamwe na mwanafunzi hapati kamwe. Hapo mhakiki ameacha kupima, anasifu tu. Na jina likiondolewa, bei ya karatasi hushuka, na (jambo baya zaidi) macho ya watazamaji huiacha.

Constantijn van Renesse aliandika nyuma ya mchoro wake wa Danieli katika tundu la simba kwamba aliuonyesha kwa Rembrandt tarehe 1 Oktoba 1649, alipofika kwake mara ya pili. Mchoro wake mwingine, wa malaika akimpasha Mariamu habari, umo Berlin. Mistari ya Renesse ni myembamba, ya mtu achungaye asikosee. Juu yake yamepita mapigo mazito ya kalamu ya Rembrandt, yakamkuza malaika hata akakitawala chumba. Mapigo hayo si mazuri kwa macho. Mengine ni ya kikatili. Lakini kila moja lina kazi: linaonyesha alichokiona mwalimu kuwa kimepungua, yaani uzito wa mjumbe mbele ya binti aliyeshtuka. Hilo ndilo la kutafutwa katika karatasi isiyo na jina, kabla ya kuuliza kama inapendeza. Na karatasi hii ya Berlin, ikiandikwa jina moja tu, lolote kati ya hayo mawili, itakuwa imesingiziwa.