Neno na Mwenziwe: Soko la Katito Linavyofundisha Kidholuo

Katito, kule Nyakach nchini Kenya, ndipo barabara ya Ahero kwenda Sondu na Kisii inapoachana na ile ya Kendu Bay. Sokoni wenyeji Waluo hukutana na wachuuzi Wakisii na Wakipsigis. Kati ya wageni hao wapo wanaouza na kununua kwa Kidholuo ambacho hawakukisomea popote, ilhali mwenye daftari lililojaa msamiati hukwama baada ya salamu. Siri iko katika ukubwa wa kipande kinachoshikwa.

Mchuuzi hashiki "rech", yaani samaki, peke yake. Hushika kauli nzima zinazojirudia kila siku ya soko. "Nitie rech?" Samaki wapo? "Onge." Hawapo. "En pesa adi?" Bei gani? "Medna." Niongeze. Kila kauli ina zamu yake katika mazungumzo, ndiyo maana hutoka kinywani bila kupitia tafsiri.

Muundo wa Kidholuo wenyewe unadai hivyo. Daftari litasema nyumba ni "ot". Ikipata mwenyewe, t hugeuka d: "od Nyasaye", nyumba ya Mungu. Zikiwa nyingi ni "udi". Hata "kitabu" cha kuazima kimetii kanuni: "kitap nyathi" ni kitabu cha mtoto, na vingi ni "kitepe". Aliyekariri umbo moja ana theluthi ya neno. Toni nazo hutenganisha maana, hata kitendo kilichokwisha na kinachoendelea, lakini maandishi ya kawaida hayazionyeshi. Hizo hunaswa na sikio, ndani ya sentensi.

Kikantoni, lugha ya Guangzhou na Hong Kong, kina mtego huohuo. Toni zake ni sita, na nomino haihesabiki bila neno la kipimo: samaki mmoja ni "yat tiu yu", ambapo "tiu" huambatana na vitu virefu. Anayejua "yu" tu bado hajaweza kuhesabu samaki.

Kadi za kukariri, ambazo mwandishi Sebastian Leitner alizipangia utaratibu wa kurudiwa katika kitabu chake cha 1972, bado zafaa. Kasoro ni kuziandikia neno moja moja. Andika swali upande huu na jibu upande ule, kama yalivyosikika sokoni. Ongeza umbo la wingi na la mwenyewe, kisha tamka kwa sauti. Usisahau "donge", kijineno ambacho Mluo hukitumia kumvuta mwenzake akubali. Kauli kumi za aina hiyo zitakununulia kitoweo. Majina mia ya samaki yatakuacha ukinyoosha kidole.